Rangi Iliyokauka na Rangi Iliyokomaa: Kabati la Michezo Kabla ya Stika

"Mimi na kijana wangu tumetengeneza kabati la michezo ya video kwa mbao za MDF za milimita 18, kama zile mashine za zamani ambazo mtu huzicheza akiwa amesimama. Tunakaa Donholm, na tunataka kuliweka katika chumba cha mbele cha duka letu shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti. Mwanzoni mwa Julai tulilipaka rangi nyeusi ya mafuta inayong'aa, mikono miwili kwa siku moja, moja kwa moja juu ya ubao. Siku ya nne, rangi ikiwa kavu kabisa mkononi, nilibandika kipande kidogo cha stika upande wa nyuma ili kujaribu. Kufikia asubuhi kilikuwa kimejaa malengelenge madogo, na nilipokibandua kikatoka na rangi. Kingo za ubao nazo zimeota vinyweleo kama sufu. Fundi mmoja ameniambia nisingepaka rangi kabisa, kwa kuwa stika ingefunika kila kitu. Mwingine anasema nipake vanishi juu ya rangi ndipo nibandike. Wa tatu anasema nipanguse kwa thina. Stika za pembeni zimeshachapishwa na nimezilipia. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, pole kwa kazi hiyo, na hongera kwa kuwa ulijaribu kwanza kwa kipande kidogo tena upande usioonekana. Kipande hicho kimeziokoa stika zote ulizokwisha kulipia. Kimekuonyesha pia mambo mawili tofauti, ambayo watu wengi huyachanganya na kuyaona kuwa tatizo moja. Malengelenge yanasema kwamba rangi yako bado inatoa mvuke. Rangi kutoka pamoja na stika kunasema kwamba huenda rangi hiyo haijaushika ubao. La kwanza hutibiwa na muda. La pili, likithibitika, haliwezi kutibiwa na muda hata ukisubiri hadi Krismasi, na kwa hiyo kabla ya kuamua lolote tunapaswa kujua unalo tatizo gani kati ya hayo, au kama unayo yote mawili.

Ninaloomba ulikumbuke katika kazi hii yote ni kwamba stika haishiki ubao, stika hushika rangi. Gundi iliyo nyuma yake haina habari na MDF yako, wala na ufundi wa seremala, wala na gharama ya uchapishaji. Inakutana na utando mwembamba wa rangi, na nguvu yake yote inaishia hapo. Utando huo ukiwa laini, stika itatembea, na ukiwa unapumua, stika itafura. Ukiwa umeukalia ubao tu bila kuushika, stika itakapoanza kujikunja kwenye pembe itaondoka nao.

Sasa tuitazame rangi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, tapentaini iliyomo huruka hewani na rangi huacha kunata. Hatua hiyo huchukua saa chache, na ndiyo watu huiita kukauka. Katika hatua ya pili, mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni kutoka hewani, na chembe zake huungana moja baada ya nyingine hadi zikawa wavu mmoja mgumu. Huku ndiko kukomaa, na huchukua majuma. Oksijeni huingia kutoka juu, kwa hiyo ngozi ya juu hutangulia kuwa ngumu huku rangi ya chini ingali laini na ingali na tapentaini iliyofungiwa ndani. Ulipopaka mkono wa pili siku ileile, uliufunika mkono wa kwanza kabla haujamaliza kutoa tapentaini yake, na tangu hapo ule mvuke umekuwa ukitafuta njia ya kutoka taratibu kupitia ngozi ya juu. Kisha ukabandika plastiki juu yake. Stika ya vinaili haipitishi mvuke kwa urahisi, kwa hiyo mvuke ulikusanyika chini ya gundi, mahali pamoja lengelenge moja, mahali pengine lengelenge jingine. Hukukosea katika kubandika, na hata mtu mwenye mkono mwepisi kuliko wote hapa Nairobi angeyapata malengelenge hayohayo.

Majira nayo yamechangia. Julai ndiyo katikati ya baridi yetu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi huu mawingu hukaa siku nzima, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10 au 12, na chumba kisichopata jua hakipati joto la maana hadi adhuhuri. Kukomaa kwa rangi ya mafuta ni mmenyuko wa kikemia, na mimenyuko ya namna hiyo hupungua kasi kadiri baridi inavyozidi. Rangi ambayo mwezi wa Februari ingekuwa tayari kwa stika baada ya majuma matatu, Julai inaweza kuhitaji majuma matano, na iliyopakwa nene ikahitaji zaidi. Kopo linapoandikwa kwamba rangi hukauka kwa saa kadhaa, linazungumzia kuguswa na kupakwa mkono mwingine, si kubandikwa plastiki juu yake.

Nikija kwa mashauri uliyopewa, yule wa kwanza aliyekuambia usipake rangi kabisa ana sehemu ndogo ya ukweli. Kama kabati lingekuwa la ubao uliokwisha kufunikwa kwa melamini au formika kutoka kiwandani, uso wake ungekuwa mgumu na laini, na stika ingebandikwa juu yake baada ya kuusafisha tu. Lakini uso wa MDF mtupu ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa pamoja. Gundi ya stika hushika nyuzi zilizo juu tu, na siku unyevu unapopanda, nyuzi hizo huachia na stika hubanduka ikiwa na vumbi la kahawia mgongoni. Na hilo la kusema stika itafunika kila kitu si kweli hata kidogo. Stika za kawaida za kuchapisha zina unene wa karibu mikroni 80, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Punje ya mchanga iliyo chini yake itaonekana kama chunusi, na alama ya brashi itaonekana kama mfereji, hasa taa ya dukani ikiipiga kutoka ubavuni.

Ushauri wa pili, wa kupaka vanishi juu ya rangi hii, ningekusihi usiufuate. Unaongeza tabaka jingine lenye kiyeyusho, yaani kimiminika cha kuruka hewani kama ile tapentaini, juu ya tabaka ambalo halijamaliza kutoa chake, na muda wa kusubiri unaanza upya huku njia ya kutokea ikizidi kuwa finyu. Wapo pia wanaopenda kupaka vanishi ya mafuta juu ya stika yenyewe ili kuilinda. Hiyo hugeuka manjano kadiri miezi inavyopita, na viyeyusho vyake vinaweza kuikunja vinaili. Stika hulindwa kwa utando wazi wa plastiki ambao mchapishaji huubandika juu yake kwa mashine.

Ushauri wa tatu ndio wa hatari zaidi kwa kazi yako. Thina, hasa ile kali ya rangi za magari, huilainisha rangi ya mafuta ambayo haijakomaa, na unaweza kuishia na kitambaa cheusi mkononi na ubao wenye mabaka. Rangi hiyo isafishe kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo kwa maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, kisha kingine chenye maji matupu, kisha kikavu. Ikishakomaa, mpanguso mmoja wa alkoholi safi ya aisopropili, isiyo na manukato wala mafuta, unatosha kuondoa alama za vidole. Usitumie kabisa dawa za kung'arisha fanicha au dashibodi za magari. Nyingi zina silikoni au nta, na gundi haishiki juu ya vitu hivyo.

Nitaongeza dhana moja ambayo hukuitaja lakini ninaisikia kila mara, kwamba rangi isiyong'aa hushika stika vizuri zaidi kwa sababu ina ukwaru. Kwa gundi ya majimaji hilo lina mantiki, kwa kuwa gundi hiyo huingia katika mashimo. Gundi ya stika ni ya kushika kwa mgandamizo. Inahitaji kugusa uso mwingi iwezekanavyo, na juu ya rangi isiyong'aa inagusa vilele vya vijinundu tu. Rangi inayong'aa, au yenye mng'ao wa kadiri, ndiyo inayofaa, na katika hilo ulichagua vyema.

Basi tufanye vipimo. Vitatu vinatosha, na vyote vifanyie upande wa nyuma au chini ya kabati. Cha kwanza ni cha ukucha: bonyeza ukucha wa dole gumba kwa nguvu juu ya rangi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Ukiacha alama, rangi bado ni changa, na hakuna haja ya kuendelea na vipimo vingine juma hilo. Cha pili ni cha kujua kama rangi imeushika ubao. Chukua wembe mpya, chora mistari sita iliyoachana milimita mbili, ukikata rangi hadi ubaoni, kisha chora mingine sita ya kuikingama ile ya kwanza ili upate vyumba vidogo vya mraba. Bandika juu yake utepe wa kufungashia maboksi, usugue vizuri, kisha uvute kwa mkupuo mmoja. Vikitoka vipande vidogo kwenye makutano ya mistari, si neno. Vyumba vizima vikitoka, rangi yako haina mshiko. Cha tatu umekwisha kukifanya: kipande cha stika cha sentimita 10 kwa 10, ukiache saa 24 mahali penye joto la mchana, kisha utazame malengelenge.

Usifanye kipimo cha pili leo. Rangi changa hutoka hata pale ambapo baadaye ingeshika, na ukipima mapema unaweza kuhukumu kazi isiyo na hatia. Subiri itimize angalau majuma mawili na ukucha usiache alama.

Nisikufiche ninachotarajia. Kwa kuwa ulipaka juu ya MDF isiyozibwa, nadhani nyuso pana za pembeni zitafaulu, kwa sababu uso wa MDF umeshindiliwa sana na haunywi rangi kwa kiasi kikubwa. Kingo ndizo zitakazoshindwa. Msumeno ulipokata ubao ulifungua kiini chake, na kiini hicho hunywa kama mkate unavyonywa chai. Unyevu ulizifanya nyuzi zisimame, rangi ikazikausha zikiwa zimesimama, na hiyo ndiyo sufu unayoiona. Hilo linarekebishika bila kugusa nyuso pana, na ni kazi unayoweza kuifanya wakati rangi ya pembeni ikiendelea kukomaa.

Kwa kingo, piga msasa wa namba 180 hadi sufu iondoke na ubao uonekane, kisha zizibe. Mafundi wetu wengi hutumia sandingi sila, yaani kizibio cha mbao kinachopigwa msasa kikishakauka, nayo inafaa sana kwa kingo zilizo tupu: paka mkono mmoja, ukikauka piga msasa wa namba 240, na urudie mara tatu au nne hadi kingo ziache kunywa na zianze kung'aa kidogo zenyewe. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa. Sila ya aina hiyo, pamoja na rangi zote za NC (za nitroselulosi, zinazokauka upesi), zina viyeyusho vikali ambavyo vikiigusa rangi ya mafuta iliyo changa huikunja kama ngozi ya maziwa. Funika nyuso za pembeni kwa utepe wa karatasi na magazeti, na upake kwa brashi ndogo, usipulize. Wako wanaoziba kingo kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Husaidia, lakini msasa huifanya ijiviringe kama makombo ya raba ya kufutia, nami siipendi mahali patakapotazamwa kwa karibu. Kama uliacha mfereji katikati ya kingo kwa ajili ya ukanda wa plastiki unaofunika kingo, usiujaze sila wala rangi, vinginevyo ukanda hautaingia.

Sasa, vipimo vikishindwa na nyuso pana nazo zikiachia, itakubidi uanze upya, na ningependa uanze kwa utaratibu huu. Rangi ya zamani yote iondoke, kwa kikwangua cha chuma kwanza na msasa wa namba 120 baadaye, kisha 180. Vaa barakoa ya vumbi, na wewe na kijana wako mfanye kazi hiyo nje, kwa maana vumbi la MDF ni jembamba sana na linaumiza mapafu. Paka praima ya mbao mkono mmoja mwembamba, uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo na siku moja zaidi kwa ajili ya baridi hii, piga msasa wa namba 240, kisha andakoti, yaani rangi ya kutangulia ile ya mwisho, kisha msasa wa 320. Rangi yenyewe ipake kwa rola ndogo ya sponji badala ya brashi, mikono miwili au mitatu, kila mmoja mwembamba kiasi kwamba utadhani hautoshi, na kati ya mkono na mkono upite usiku mzima, ikiwezekana siku nzima. Kabla ya mkono wa mwisho pitisha msasa wa 400 kwa mkono mwepisi. Nje ya kabati la kimo chako pana kiasi cha mita tano za mraba, na lita moja ya rangi nzuri hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja itakutosha kwa mikono miwili. Nunua kopo lililofungwa lenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, usinunue rangi ya kupimiwa kutoka kwa debe lisilo na jina. Watoto watakuwa wakiegemea kabati hili kila siku, na sheria za viwango zinataka rangi iwe na risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni.

Aina ya rangi nayo ungeweza kuibadilisha, na hapa nitakuwekea wazi faida na hasara. Rangi ya mafuta ni rahisi kupaka na hupatikana kila duka la vifaa, lakini itakudai majuma manne au zaidi. Enameli ya akriliki, ambayo huchanganywa na maji, haina harufu kali na huwa tayari kwa stika baada ya majuma mawili hivi, ingawa maji yake huinua nyuzi za MDF kama praima haikuziba vizuri. NC hukauka kwa dakika na baada ya juma moja unaweza kubandika, lakini hutaka bunduki ya sprei na siku isiyo na unyevu, kwani katika hali ya mvua huingiwa na ukungu mweupe. Iliyo bora kwa stika ni ile ya mchanganyiko wa makopo mawili, rangi na kigumu chake, inayotumiwa kwa magari. Haingoji hewa. Makopo yale mawili yakichanganywa huanza kufungamana yenyewe, na kwa kawaida juma moja linatosha. Ndiyo siri ya matatu zetu zilizojaa michoro kuweza kuvumilia jua, mvua na kuoshwa kila asubuhi. Lakini usiipulize nyumbani. Kigumu chake kina aisosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wake. Mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye chumba cha kupulizia, ukiwa umefungua pande za kabati kutoka kwenye kiunzi, na umwambie mapema kwamba ni MDF, kwa maana wengi wao wamezoea bati.

Ipo njia nyingine ambayo inaweza kukuvusha kama Agosti haiwezi kusogea. Waandikaji wa mabango ya maduka hutumia bamba la alumini lenye plastiki katikati, la unene wa milimita tatu. Mtu anaweza kukukatia mabamba mawili kwa umbo la pembeni mwa kabati lako, stika zikabandikwa siku hiyohiyo juu ya uso wake uliokamilishwa kiwandani, kisha mabamba yakafungwa kwa skrubu. Itakugharimu zaidi, na ukingo wa bamba utaonekana pembeni mwa ukanda wako, jambo ambalo jicho langu halilipendi. Hata hivyo stika itashika bila wasiwasi.

Na njia ninayoipenda kuliko zote kwa hali yako ni kulifungua kabati Agosti likiwa jeusi tupu. Jostiki na vitufe havihitaji stika ili vifanye kazi. Watoto watacheza, rangi itaendelea kukomaa katika chumba chenye watu na hewa, na shule zikifunguliwa, wewe na kijana wako mtabandika kwa utulivu. Stika zinaweza kungoja: zikunje kwa mviringo mpana, picha ikiwa upande wa nje, kwenye bomba la karatasi, mahali pakavu pasipo jua. Zisilazwe chini ya vitu vizito, wala zisikunjwe kama nguo.

Tukiwa bado kwenye stika, kuna maswali mawili ya kumuuliza aliyekuchapishia. Kwanza, aliziacha zipumzike kwa muda gani kati ya kuchapa na kuzifunika kwa utando? Wino wa mashine nyingi za mabango una kiyeyusho, na unahitaji angalau saa 24 wazi ili kiyeyusho hicho kitoke. Ukifunikwa ukiwa bado mbichi, hulainisha gundi kutoka juu kama rangi yako inavyoisumbua kutoka chini, na pembe za stika hujikunja. Pili, gundi yake ni ya wazi au ya kijivu? Yenye gundi ya wazi hupitisha weusi wa rangi, na manjano yako yatageuka kama haradali iliyozeeka. Weka kipande chake juu ya gazeti. Maandishi yakionekana, uso wa chini ya picha ungepaswa kuwa mweupe, na weusi ubaki kwenye kingo tu. Kama itakubidi kupaka upya, hili lifahamu kabla ya kununua rangi.

Siku ya kubandika, chagua adhuhuri yenye jua. Gundi nyingi za vinaili hazitaki uso wenye baridi chini ya nyuzi 10, na ubao uliolala katika duka lisilo na jua huwa baridi kuliko hewa iliyo karibu nao. Laza ubavu wa kabati kwenye meza au sakafuni, usibandike ukiwa umesimama. Weka stika mahali pake pamoja na karatasi yake ya nyuma, ifunge katikati kwa utepe wa karatasi kutoka juu hadi chini, kisha bandua karatasi ya nusu moja hadi kwenye utepe, uikate, na usugue kwa kikwangua cha plastiki kilichovikwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje. Ondoa utepe na urudie nusu ya pili. Usiivute. Vinaili iliyovutwa hukumbuka umbo lake, na baada ya siku chache hurudi na kuacha ufa pembeni. Kiputo kimoja kimoja cha hewa kitobolewe kwa sindano na kusuguliwa. Wengine hunyunyiza maji yenye sabuni ili stika iteleze, nami hufanya hivyo kwenye kioo na bati, lakini kwenye MDF siwezi kukushauri, kwa kuwa maji yatatafuta tundu lolote la kitufe ambalo halikuzibwa. Kata mabaki kwa wembe mpya na uiache saa 24 kabla ya kugonga ukanda wa kingo, kwa sababu gundi huendelea kujitandaza na kuongeza mshiko kwa siku moja hadi tatu.

Tena, usijaribu kuharakisha rangi kwa jiko la makaa. Nimewahi kufanya hivyo nikiwa kijana, kwa rafu ya vitabu iliyokuwa ikisubiriwa na mwenyewe. Ngozi ya juu iligeuka ngumu kama kioo, rangi ya chini ikabaki laini, na masizi yakatua juu ya kazi yote. Mwezi mzima ulipita kabla sijaweza kuikwangua. Mvuke wa tapentaini na moto wazi katika chumba kimoja ni hatari kwa nyumba pia. Dirisha lililofunguliwa mchana na feni ndogo inayosogeza hewa vitasaidia zaidi ya moto wowote.

Mashine za zamani unazozikumbuka hazikuwa zote na stika. Kabati za Pac-Man, mchezo wa mwaka 1980, zilizotengenezwa na Midway kule Marekani, zilipakwa manjano na picha zake za pembeni zikapigwa rangi kwa vibao vilivyotobolewa. Ikiwa stika zako zitaharibika kwa sababu yoyote, usidhani kabati limeharibika. Waandikaji wa mabango kwa mkono bado wapo jijini, na rangi juu ya rangi iliyokomaa hushikana vizuri ikipigwa msasa mwembamba kwanza.

Mwisho, yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kuyatazama kwa niaba yako. Kama kingo za chini zimevimba hata ukipitisha kidole unahisi kilima, au skrubu zinazunguka bila kukaza, maji yamekwisha kuingia ndani, na sehemu hiyo inapaswa kutazamwa na seremala kabla ya kupakwa chochote. Kama kipimo cha wembe kitaleta matokeo usiyoyaelewa, fungua ule mlango mdogo wa nyuma, au kipande chochote kilichopakwa rangi ileile siku ileile, ukibebe hadi kwa fundi wa rangi pamoja na kopo lenyewe. Kopo ni muhimu, kwa sababu bila kujua kiyeyusho kilichomo hawezi kukuambia nini kinaweza kupakwa juu yake. Na mmoja wenu akianza kukohoa, kubanwa kifua au kuumwa kichwa katika chumba hicho, toeni kabati nje kwanza, na asipopata nafuu akiwa kwenye hewa safi, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi andika kwa penseli nyuma ya kabati tarehe uliyopaka rangi, na kila Jumamosi ujaribu ukucha wako karibu na tarehe hiyo.